Mhojiwa Namba Kumi na Nne

Ukimtembelea Mwalimu Ildefons Mutembei nyumbani kwake Kahororo, utapewa kiti kizuri, utaulizwa habari za watoto na za shamba, na utaletewa kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo, kama desturi inavyotaka. Ila mwangalie vizuri. Yeye mwenyewe haigusi. Na ukienda naye kwenye posa au msibani, kikapu kikimfikia anakipitisha upesi kwa jirani bila kuchovya hata kidole.

Sasa huku kwetu Bukoba kukataa kahawa ya mwenye nyumba ni tusi, kila mtu anajua. Kwa hiyo watu wamesema mengi. Wengine wanasema ni majivuno ya Makerere. Wengine wanasema ni tumbo. Na wale ambao midomo yao haina mlango wanasema aliwahi kulishwa sumu na wakwe zake. Upuuzi mtupu! Hakuna aliyemlisha mwalimu sumu. Alikula punje moja ya kahawa mwaka 1966, akaila kwa hiari yake, tena akasema asante.

Alizaliwa Bilele, mtoto wa mpishi wa misheni. Akakaa seminari miaka sita, akatoka. Baba yake hakusema naye mwaka mzima, maana alikwishajiona baba wa padri. Ildefons akawa mwalimu. Uhuru ulipofika wasomi walikuwa wachache na kazi zilikuwa nyingi, basi akapelekwa Makerere, na huko akakutana na somo la saikolojia, likamshika. Aliporudi kufundisha kwenye chuo kimoja cha ualimu wenzake walimcheka.

"Kusoma roho za watu? Si ungebaki tu seminari, bwana!"

Yeye alicheka nao. Lakini lilimkera jambo moja. Vitabu vyote alivyosoma vilikuwa vimejaa watoto wa Ulaya na panya wa Amerika, na hapakuwa na hata ukurasa mmoja wenye mtu anayefanana na mama yake. Akaapa kwamba ataandika kitu kimoja, kimoja tu, kipigwe chapa kwenye jarida la wataalamu huko ng'ambo, kihusu watu wa kwao.

Alichoandika kilitoka ziwani. Kila mwaka vijana wetu wanakwenda visiwani kuvua, na Goziba ndiko mbali kuliko kote. Kila mwaka kuna mtumbwi usiorudi. Maiti isipopatikana, wazee hukata gogo la mgomba, huliviringisha sanda, hulizika nyuma ya nyumba katika kibanja, shamba la migomba la familia, watu hulia, hunyoa, na mambo huhesabiwa yamekwisha. Ildefons alitaka kujua: na mama naye huwa amekwisha? Akatafuta akina mama thelathini na wanne waliofiwa na wana wao. Kumi na saba walizika mwili, kumi na saba walizika mgomba. Alikuwa na maswali ishirini na mawili. Alipanda baiskeli toka Bukoba mpaka Muleba, likizo baada ya likizo, na daftari zake ndani ya mfuko wa mpira.

Ndivyo alivyofika kwa Verdiana.

Verdiana alikuwa mjane wa miaka hamsini, mkavu wa mwili, mwenye sauti ya chini. Mtoto alikuwa naye mmoja, Damian Ndyamukama, aliyekufa maji karibu na Goziba mwaka 1963 akiwa na miaka ishirini na miwili. Hakuwa ameoa. Verdiana alijibu maswali yote ishirini na mawili bila kulia. Alisema bado anatenga chakula cha watu wawili, halafu anakirudisha chunguni. Alisema hafungi mlango kwa komeo. Ule mgomba walimzikia akiutazama, akawaona wakimtazama yeye ili alie, akalia kwa kuwa walikuwa wanamsubiri.

Maswali yalipokwisha, ikawa zamu yake kuuliza.

"Haya maneno yangu unayapeleka wapi, mwalimu waitu?"

"Nitayaandika, mama. Yatapigwa chapa katika kitabu huko Ulaya, wayasome wasomi wa dunia nzima."

"Na jina la mwanangu litakuwemo?"

"Litakuwemo."

Alisema hivyo tu, kama mtu anayeombwa maji. Na Verdiana alikuwa na sababu ya kuuliza. Damian hakuacha mtoto, na mtu asiyeacha mtoto, nani atampa mjukuu jina lake? Kaburi lake lilikuwa na gogo la mgomba, na mgomba huoza upesi kuliko mtu. Hata picha hakuwahi kupigwa. Jina lake lilikuwa limebaki mahali pamoja tu, mdomoni mwa mama yake, na mama yake alikuwa anazeeka.

Verdiana akavuta kikapu cha kahawa. Akachagua tunda moja, akalimenya kwa kucha. Ndani ya tunda la buni mna punje mbili, zimelaliana. Moja akaitia kinywani mwake. Ya pili akaiweka katika kiganja cha mwalimu.

"Kula."

Akala. Akasema asante.

Jamani! Mtu huyu alizaliwa Uhayani, alikuwa na babu. Alijua vizuri kwamba wazee walipotaka kuwa ndugu wa damu waligawana tunda moja la kahawa, punje kwako, punje kwangu, na atakayevunja neno, hali wala hanywi kitu akapona. Kule Makerere aliwahi kuandika insha juu ya mambo hayo, akapata alama nzuri. Lakini aliona mama mzee na kikapu, akadhani ni ukarimu wa kawaida. Kusoma kote kule!

Alipofika barabarani, mguu mmoja kwenye pedali, ndipo akili ilipomrudia. Akasimama hapo kitambo. Kisha akajiambia kwamba hakuna taabu, si jina litakuwemo? Akaenda zake.

Kukusanya na kukokotoa kulimchukua miaka mitano. Mwaka 1971 akapeleka makala yake ng'ambo, kurasa hamsini zilizoandikwa kwa mkono, mwandiko wa seminari, safi kabisa. Baada ya miezi minne ikarudi jinsi ilivyokwenda, na karatasi ya masharti juu yake. Mhariri alisema kwa adabu kwamba jambo lenyewe limempendeza, ila mswada haukutayarishwa inavyotakiwa, na utayarishwe upya.

Mke wake, Georgina, alikuwa mpiga taipu katika ofisi moja ya serikali mjini. Mkuu wake alimruhusu kutumia mashine siku za Jumamosi mchana, kazi zikiisha. Wakakaa wawili katika ofisi tupu, Ildefons akisoma masharti, Georgina akilisha karatasi kwenye mashine.

"Pambizo inchi moja na nusu pande zote nne. Mistari iachane nafasi mbili, hata kwenye maneno ya kunukuu. Muhtasari usizidi maneno mia na ishirini. Kila jedwali likae kwenye karatasi yake, bila mistari ya kusimama. Marejeo yafuate alfabeti, na mwaka ukae ndani ya mabano. Nakala tatu."

"Hawa wanataka makala au wanataka gwaride?" Georgina akauliza.

Ilikuwa gwaride kweli. Nakala ya tatu chini ya kaboni ilitoka hafifu mno, ikabidi kila ukurasa upigwe mara mbili. Georgina alikuwa na vidole vyepesi, lakini akikosea herufi moja mstari wa mwisho, ukurasa mzima unatupwa, maana mhariri alisema hapendi mfuto. Mara karatasi ziliadimika madukani, wakangoja mwezi. Mara utepe ulikauka. Kurasa hamsini zikapunguzwa zikawa ishirini. Georgina hakulalamika, ila mara moja aliuliza kama Wazungu nao hufa kwa nafasi mbili mbili.

Sharti la tisa Ildefons alikuwa amelisoma kimoyomoyo tangu siku ya kwanza, akaliruka. Jumamosi moja halikurukika tena.

"Wahojiwa, jamaa zao na vijiji vyao wasitajwe kwa majina," akasoma. "Watambulishwe kwa namba."

Georgina akaacha kupiga. Alizijua habari za Verdiana. "Na yule mama?"

"Atakuwa namba kumi na nne."

"Na mwanawe?"

Habari za Verdiana zilikuwa kurasa nne katika mswada wa kwanza: mlango usio na komeo, chakula kinachorudi chunguni, kila kitu. Mhariri alikuwa ameandika pembeni kwamba habari za mtu mmoja mmoja zikatwe, takwimu zatosha. Kwa hiyo Verdiana akageuka kuwa mstari mmoja katika Jedwali la Pili. Namba, 14. Umri, 50. Hali ya ndoa, mjane. Watoto waliokufa, 1. Mwili uliopatikana, 0. Georgina aliupiga mstari ule kwa sekunde chache, akahamia kumi na tano.

Lakini Ildefons hakukubali kushindwa mara moja, tumpe haki yake. Mwisho wa makala aliweka tanbihi ya shukrani: kwa akina mama wote, na kwa kumbukumbu ya Damian Ndyamukama. Maneno machache tu, yangemdhuru nani? Mswada ukaenda, ukarudi mwaka uliofuata na masahihisho mengine kumi na mawili. Tanbihi ilikuwa imepigwa mstari mwekundu. Shukrani za namna hiyo, aliandika mhariri, si mtindo wa jarida letu.

Na Verdiana alikuwa anakuja. Mara mbili kwa mwaka alipanda lori toka Muleba, na mkungu wa ndizi, au senene wakati wake, maana alijua mkono mtupu haulambwi. Alikaa pembeni ya kiti, akasalimu, akauliza.

"Kimetoka?"

"Bado, mama."

"Wanakawia."

"Wanakawia sana, mama."

Hakuwahi kumlaumu. Angemlaumu ingekuwa nafuu. Ildefons alianza kuzijua siku za lori. Alikuwa mwalimu, mtu wa kuheshimiwa, akawa anaogopa mkungu wa ndizi.

Mwaka 1973 Verdiana alikuja na habari. Shemeji yake, Mushumbusi, alikuwa amechukua kibanja. Ukoo ulikaa, ukasema mjane asiye na mtoto anamlindia nani ardhi? Mushumbusi akafyeka nyuma ya nyumba, akapanda mibuni michanga mpaka pale juu ya mgomba wa Damian. Verdiana alisimama akatazama, kisha akafunga kanga mbili na chungu, akaenda kijiji kipya cha ujamaa kule chini kwenye rweya, uwanda wa nyasi ambako wajane na wasio na ardhi walikuwa wanagawiwa viwanja. Udongo mbaya, ndizi zinatoka nyembamba. Lakini walimpokea.

"Na tunasoma," akasema. Siku hiyo uso wake ulikuwa mchangamfu, Ildefons hakuwahi kumwona hivyo. "Elimu ya watu wazima. Jioni tukitoka shamba la ujamaa."

Kwenye meza kulikuwa na vumbi la chaki. Akanyoosha kidole, akaandika polepole, ulimi umebanwa kwa midomo: DAMIAN.

"Nilimwambia mwalimu wetu anianzishie hilo. Mengine yatafuata." Akalitazama vumbi, akafurahi. "Kitabu kikija, hutanisomea wewe. Nitalitafuta mwenyewe."

Ildefons akampongeza. Mae waitu, akampongeza kwa mdomo, na moyo wake ukawa baridi.

Wazo likamjia kanisani, wakati wa mahubiri. Masharti yalikataza jina la mhojiwa. Yalikataza jina la jamaa yake. Lakini kulikuwa na karatasi moja katika mswada wote ambayo majina hayakukatazwa, tena yalidaiwa: ukurasa wa kwanza, wa waandishi. Jumamosi akampa Georgina karatasi. Juu kichwa cha makala, chini yake: I. Mutembei na D. Ndyamukama. Anwani ya wote wawili, chuo.

Georgina akasoma, akavua miwani.

"Ndyamukama anafundisha somo gani pale chuoni, baba Anatolia?"

"Usinitanie."

"Sikutanii. Nauliza. Maiti ameandika makala?"

"Mama yake ndiye aliyeandika, Georgina! Nini ndani yake ni changu? Mimi nimeweka nafasi mbili kati ya mistari. Niliyemkuta akitenga chakula cha watu wawili ni nani?"

"Basi weka jina la mama."

"Mama hakuniomba jina lake."

Wakatazamana. Georgina alijua kwamba ni uongo, na alijua pia kwamba njia ya mwongo ni fupi. Lakini alikuwa ameishi na ile hofu ya siku za lori nyumbani mwake miaka minane. Akavaa miwani, akapiga. Alipofika kwenye jina lile alipiga polepole, asikosee.

Na ikapita! Mwaka 1975, mwezi wa tatu, ikaja barua fupi: makala imekubaliwa. Ildefons aliisoma amesimama posta, akaisoma tena kwenye ngazi. Mkuu wa chuo, Bwana Rugaibula, alitangaza mbele ya walimu wote kwamba hii ni makala ya kwanza ya chuo kuchapwa ng'ambo, akaandikia Wizara. Verdiana alipokuja, Ildefons alimwambia kwa mara ya kwanza neno tofauti na bado.

"Wamekubali, mama."

"Na jina?"

"Lipo mwanzoni kabisa. Ukurasa wa kwanza."

Verdiana akapiga vigelegele, mwanamke mzima, peke yake sebuleni. Kisha akafuta macho kwa kanga, akataka maji.

Ndani ya barua ile kulikuwa na fomu ya kutia saini. Kila mwandishi aweke yake, aeleze na cheo chake kazini. Ildefons akaweka yake kwa mkono wa kulia. Ya Damian akaiweka kwa mkono wa kushoto, akaandika "msaidizi wa utafiti". Mtu wa seminari, anajua jina la dhambi ile.

Ilikuwa Septemba Rugaibula alipomwita ofisini. Barua ya ng'ambo ilikuwa mbele yake. Mhariri hakuridhika na ile saini, akaandika kwa mkuu wa chuo, kwa adabu ileile, kuuliza kama Bwana Ndyamukama ni mtumishi wa hapo.

"Huyu ni nani, Ildefons?"

"Ni marehemu."

"Marehemu amesaini Aprili?"

"Nimesaini mimi. Kwa mkono wa kushoto."

Rugaibula hakuwa mtu mbaya. Alikuwa Mlutheri mnyoofu, aliyezeekea kwenye ualimu, na hakujua kusema uongo hata wa kuokoa ng'ombe. Ildefons akamweleza yote, toka Goziba mpaka fomu.

"Nilikula kahawa yake, Mkuu."

"Kila mtu anakula kahawa, bwana."

"Tunda moja. Punje yake, punje yangu."

Rugaibula naye alikuwa na babu. Akainuka, akaenda dirishani.

"Ungeniambia kabla sijaandikia Wizara," akasema mwishowe. "Mimi huyu mhariri nitamjibu ukweli, sina njia. Lakini anasema hapa, kama kuna kosa katika orodha ya waandishi, uandike wewe mwenyewe uliondoe jina hilo na kuomba radhi, watachapa. Usipoandika, wataitupa, na watayaarifu majarida mengine. Chagua. Una siku nne."

Siku nne. Jumapili alikwenda kwenye misa na hakukomunika. Georgina alimwona akizunguka uani, akamwambia jambo moja tu: "Andika au usiandike. Lolote utakaloandika nitalipiga."

Alijiambia mengi. Kwamba makala ikitupwa, akina mama wale thelathini na wanne watakuwa wamejibu maswali ya upepo. Kwamba ikichapwa, ukweli juu ya migomba na mioyo ya watu utajulikana, na huo ni mkubwa kuliko jina moja. Kwamba Damian amekufa, na mfu hadhuriki. Yote yalikuwa na maana, ndiyo shida ya hoja, kila mtu anaweza kuzipanga zikakaa vizuri. Lakini chini ya hoja zote kulikuwa na kitu kidogo chenye aibu: alitaka kuliona jina lake limepigwa chapa. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu, baba yake alikufa bila kumwona akiwa padri, na alikuwa ameandika kitu kimoja tu maishani.

Akaandika barua. Georgina akaipiga, nafasi mbili, pambizo inchi moja na nusu, kwa mazoea.

Jarida likafika Juni 1976, ndani ya bahasha nene. Kurasa kumi na moja, karatasi inang'aa, herufi ndogo nzuri. Ildefons alilifungua mara moja, akaona jina lake, akangoja furaha. Haikuja. Akalificha kabatini chini ya mashuka, na wiki mbili baadaye Verdiana akashuka kwenye lori. Mtu mmoja wa chuoni mwenye asili ya Muleba alikuwa amepeleka habari njema kijijini kwamba kitabu cha mwalimu kimefika.

Alikuwa amevaa kanga mpya. Hakuleta ndizi safari hii, maana kule rweya hazikuwa zimezaa. Alileta daftari lake la kisomo, ili mwalimu aone.

"Kiko wapi?"

Angeweza kusema hakijafika. Angeweza kusema wamekosea mtamboni. Ildefons alizifikiria zote, na miguu yake ikampeleka kabatini. Akaliweka jarida mezani, akalifungua mwanzo wa makala, akasimama nyuma ya kiti.

Verdiana alifuta vidole kwenye kanga. Akaweka kidole chini ya kichwa cha makala, akakisukuma polepole.

"Hiki si Kiswahili."

"Ni Kiingereza, mama."

"Haidhuru. Jina halina Kiingereza." Kidole kikashuka. "I. M-u. Mu-te. Mutembei. Huyu ni wewe."

"Ndiyo."

"Umo." Akatikisa kichwa kwa heshima, akaendelea.

Ulikuwa wakati wa mtu kusema. Ildefons akashika mgongo wa kiti. Mama yule alimaliza ukurasa wa kwanza mstari kwa mstari, hakuruka neno, akilowesha kidole, akageuza. Ukurasa wa pili. Wa tatu. Kila alipokutana na D kubwa alisimama, akaichungulia, akaiacha. Jua la saa nane lilihama toka mezani likaenda ukutani. Georgina alikuja mlangoni na kikapu cha kahawa ya mgeni, akaona, akasimama palepale.

Katika ukurasa wa saba Verdiana alifika kwenye jedwali.

"Hapa ni hesabu."

"Hapa ni wewe, mama," Ildefons akasema. Akaonyesha. "Huu mstari. Kumi na nne."

"Mimi ni kumi na nne." Akautazama mstari. "Na Damian?"

Ildefons akasogeza kidole chake mpaka safu ya nne, pale penye watoto waliokufa.

"Hii moja."

Verdiana aliitazama ile moja muda mrefu. Aliipapasa, kama ingeweza kuwa na kitu chini yake. Halafu hakuridhika, au hakutaka kumwonea mwalimu, akaendelea na kurasa zilizobaki, nane, tisa, kumi, na ile ya majina ya wasomi wa marejeo, majina mengi, yamepangwa kwa alfabeti, kila moja na mwaka wake ndani ya mabano. Hiyo aliisoma mara mbili. Alifunga jarida, akalinyoosha kwa kiganja ili lisijikunje.

"Hayumo," akasema.

"Mama, walikataa. Niliweka, walitoa. Niliweka tena..." Kisha, kwa kuwa alikuwa amechoka kusema uongo: "Mwisho nilitoa mimi."

Verdiana hakupiga kelele. Hakulia. Alikusanya daftari lake la kisomo, akalifunga ndani ya kanga, akasimama. Georgina hakujua la kufanya, akafanya lile alilolelewa kufanya: akapiga goti, akamtolea mgeni kahawa.

"Pokea, mama. Usitoke mikono mitupu."

Verdiana akaweka mkono juu ya kikapu, akakisukuma pembeni taratibu.

"Si hizi, mwanangu. Hizi ni zako."

Akamgeukia mwalimu, akakinga kiganja mbele yake.

"Nirudishie ile punje yangu, niende."

Lori la Muleba lilikuwa limeanza kupiga honi barabarani, na ule mkono ulikuwa bado umekingwa.